Kama mbegu inalala udongoni miaka, kansa nayo inalalaje mwilini? Naomba kueleweshwa

MamaKitalu

Habarini wakuu, naomba kueleweshwa maana nimeuliza huku na huku sijapata mtu wa kunijibu kwa lugha nyepesi.

Mimi kazi yangu ni kitalu cha miche, niko Morogoro, naotesha miti ya mbao, ya kivuli na ya matunda, mambo ya hospitali siyajui kabisa. Ma'mdogo wangu aliugua kansa ya titi kitambo, ni zaidi ya miaka kumi sasa, akakatwa, akapiga kemo, akachomwa mionzi, akapewa na vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka mitano, akavimaliza, vipimo vikaja visafi, mpaka shukrani kanisani tulitoa. Juzi kati mgongo ukaanza kumsumbua, sisi tukajua ni umri na jembe, kupigwa picha ndo tunaambiwa ni kansa ile ile ya titi imetokea kwenye uti wa mgongo. Tukauliza imetoka wapi wakati titi lenyewe halipo, daktari akasema seli zilishatoka kabla hata hajakatwa, zikaenda kukaa kwenye mfupa zikalala, sasa zimeamka.

Hapo kwenye kulala ndo nimekwama. Kulala ninakokujua mimi ni kwa mbegu. Mgunga ukiuweka kwenye gunia hata miaka mingi, siku ukiumwagia maji ya moto na kuuacha ulowe usiku kucha unaota vizuri tu. Mwarobaini ndo kinyume chake, ukichelewa miezi michache umekula hasara. Sasa seli ya mtu, iko kwenye joto, imezungukwa na damu na chakula usiku na mchana, inalalaje miaka yote hiyo? Inakula nini? Na kwanini kemo haikuiua kama ilikuwa mle mle ndani? Na kama kuna kitu kinaamsha ni kitu gani, maana ndugu wameshaanza kusema ni kwa sababu aligombana na mwanae, wengine wanasema karogwa.

Msinitukane, nimeuliza kwa nia njema.

Kunguru Mweupe

Pole sana dada. Ila ukweli usemwe, hamna cha kulala wala kuamka, walimkata wakaacha mabaki. Kansa haitakiwi kuguswa na chuma, ikishaguswa inasambaa. Kwetu kuna mzee alikuwa anatembea vizuri kabisa na uvimbe wake, wamempasua, miezi kadhaa tukazika. Bora uwahi na mitishamba mapema, majani ya mstafeli hayo yanatosha.

Mwalimu wa Bailojia

MamaKitalu pole kwa kuuguza. Swali lako sio la kitoto, limewasumbua watu muda mrefu na walianzia huko huko kwenye mbegu. Mwaka 1889 daktari wa London anaitwa Stephen Paget alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa kansa ya titi, akaona kansa haitui ovyo ovyo. Ini linashambuliwa sana, mifupa pia, lakini wengu ambao nao unapitiwa na damu nyingi tu unaachwa. Ingekuwa ni suala la damu kubeba seli na kuzimwaga popote basi wengu ungepata sawa na ini. Akasema mmea ukizaa, mbegu zinapeperuka kila upande ila inaota ile iliyoangukia udongo unaoikubali. Mpaka leo watu wa kansa wanaongea lugha hiyo hiyo ya mbegu na udongo. Alafu mwaka 1954 Mwingereza mwingine, Geoffrey Hadfield, akaandika wazi kwamba seli ya kansa inaweza kusimama kugawanyika kwa muda mrefu huku iko hai, na kwamba hiyo ndo sababu ya wagonjwa kurudiwa baada ya miaka mingi.

Kunguru anayesema hamna cha kulala asome hii. Scotland, mwaka 1998, mtu alikufa kwa damu kuvuja kwenye ubongo, figo zake mbili wakapewa wagonjwa wawili tofauti. Wote wawili wakaja kupata melanoma, kansa ya ngozi ile mbaya, na hawakuwahi kuwa nayo. Kufuatilia nyuma wakakuta yule aliyetoa figo aliwahi kutibiwa melanoma mwaka 1982, miaka 16 kabla ya kufa, na alihesabika kapona. Maana yake seli zilikaa kwenye figo zake miaka yote hiyo kimya, mwenyewe hana hata dalili. Kilichobadilika ni kwamba wale waliopewa figo walikuwa wanameza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, seli zikapata upenyo. Kwahiyo wakati mwingine anayezilaza ni kinga ya mwenye mwili, na sio zenyewe zimeamua.

Kuhusu zinakula nini. Seli ikitaka kugawanyika lazima inakili DNA yake yote, itengeneze protini nyingi, ijenge utando mpya, hiyo ndo kazi inayokula nguvu. Iliyolala imetoka kwenye mzunguko huo, hainakili, haijengi, mahitaji yanashuka sana, na ikibanwa zaidi inameng'enya vipande vyake vya ndani na kuvitumia tena. Kuna ndugu zake nyingi mwilini mwako zinaishi hivyo hivyo, mfano seli mama za kwenye uboho, nyingi ziko kwenye utulivu wa aina hiyo na wala sio ugonjwa.

Na kemo ndo hapo inapochemka. Dawa nyingi za kemo zinaikamata seli ikiwa inanakili DNA au ikiwa inagawanyika, ndo maana nywele zinanyonyoka na mdomo unatoka vidonda, hizo ni sehemu zenye seli zinazogawanyika haraka. Ambayo haigawanyiki inapitwa tu. Na sio lazima waliomkata walikosea. Kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 walikusanya wagonjwa zaidi ya 4,700 wa kansa ya titi ambayo kwa vipimo vya kawaida ilikuwa haijaenda mbali, wakapima uboho, karibu asilimia 31 walikuwa na seli hizo kwenye mfupa tayari siku ya kugundulika. Wengi wao hazikuja kuota kipindi chote walichofuatiliwa. Na hiyo kwangu ndo ya kushangaza kuliko zile zilizoota.

BwanaShamba Mstaafu

Mwalimu kaongea vizuri, mimi niongezee upande wa shamba maana hapo ndo nimekulia.

Kwanza MamaKitalu, mgunga wako sio mfano mzuri wa kulala. Mgunga kiini kiko tayari muda wote, kinachozuia ni ganda halipitishi maji, kuna sehemu ndogo sana kwenye ganda joto linaifungua ndo maji yanaingia. Huo ni mlango umefungwa, aliyeko ndani yuko macho. Hata mahindi yako ghalani hayajalala, yamekosa maji tu, ukiyamwagia leo yanaota. Kulala kwenyewe ni pale umeipa mbegu maji, umeipa joto, umeipa hewa, kila kitu iko nacho na bado inakataa. Kizuizi kiko ndani. Kuna homoni inaitwa asidi absisiki inaiambia mbegu tulia, na nyingine jiberelini inaiambia ota, zinavutana, na kila moja inashuka au kupanda kutokana na mbegu inavyosikia nje, baridi, ukame, mwanga, umri wake. Mwangalie mkulima wa karanga. Zile za kusimama zikikomaa mvua ikazikuta bado shambani zinaotea humo humo kwenye maganda, hasara tupu, lakini nyingi za kutambaa zinalala kwa wiki kadhaa hata udongo uwe umelowa. Karanga zote hizo, shamba moja, mvua moja.

Na mikoko mingi ya huko pwani yenyewe hailali kabisa, mbegu inaota ikiwa bado iko juu ya mti, inadondoka tayari ni mche. Kwahiyo kulala sio sheria ya mbegu, ni mbinu ya baadhi, ya kusubiri wakati mzuri na ya kutoota zote kwa mkupuo. Ukipulizia dawa ya magugu leo shamba linakauka lote unafurahi, wiki mbili mbele limekuwa kijani tena, kwa sababu dawa iliua yaliyoota, akiba ya udongoni haikuguswa. Nikisoma alivyoeleza mwalimu kuhusu kemo naona ni hicho hicho.

Ila mwenye kufanana na huo ugonjwa kabisa ni kiduha. Wa kanda ya ziwa, Dodoma na Tabora wananielewa, kale kaua kazuri ka zambarau kanakonyonya mahindi na mtama mpaka vinadumaa. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu elfu hamsini na kuendelea, ndogo kama vumbi, na zinakaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikiwa hai. Mvua inanyesha, zinalowa, haziamki. Zinasubiri harufu. Mizizi ya mahindi inatoa kemikali zinaitwa strigolaktoni, inazitoa kwa shida zake yenyewe hasa ikiwa na njaa ya fosforasi ili iite uyoga wa udongoni wa kuisaidia, kiduha akisikia hiyo kemikali anajua chakula kiko milimita chache kutoka hapo, ndo anaota. Mbegu yenyewe haina akiba ya kutosha, ikiota ikakosa mzizi ndani ya siku chache inakufa.

Kwahiyo kinachoamsha ni taarifa kutoka kwa jirani. Ndo maana hilo swali la ni kitu gani kimeamsha ni la msingi sana, ila jibu sio ugomvi na mtoto.

Nimalizie na ndago. Ndago vile vitunguu vyake vimeunganika kwa mnyororo chini, cha mbele kinachipua na kinavizuia vya nyuma. Ukipita na jembe unakata mnyororo, vyote vya nyuma vinaamka kwa pamoja. Wengi tumelima ndago mwaka huu, mwakani tukavuna ndago.

Kunguru Mweupe

Mzee umeshajijibu mwenyewe 😂 umesema ukipita na jembe ndago zinaamka. Ndo nilichosema mimi, kisu. Mnanipinga alafu mnanithibitisha.

Mwalimu wa Bailojia

Kunguru hiyo hoja ina kichwa na miguu ndo maana sitaki kuipita, ila imekosa mkia.

Ni kweli kuna watafiti wamejiuliza hilo. Mwaka 2018 kuna utafiti ulitoka Marekani, panya wa maabara walipewa seli za kansa ambazo kinga ilikuwa imezidhibiti, alafu wakapasuliwa sehemu nyingine kabisa mbali na zilipo zile seli. Kidonda kikaleta uvimbe wa mwili mzima (sio uvimbe wa kansa, ni ule wa mwili kujitetea ukiumia), kinga ikahamia huko kwenye kuponya, zile seli zikaanza kukua. Kumbuka hawakuigusa kansa kwa chuma, kidonda kilikuwa pembeni. Na panya waliopewa dawa ya kawaida ya maumivu inayotuliza uvimbe wakati wa upasuaji, hilo tatizo likapungua sana. Hao ni panya, ila unaona kwamba hata kama kuna hatari dawa yake sio kukimbia upasuaji.

Alafu upande mwingine wa mzani unausahau. Uvimbe ulioachwa kwenye titi haukai bure, kila siku unamwaga seli kwenye damu. Huyo mama kakatwa akaishi zaidi ya miaka kumi na ushee akiwa anafanya kazi zake, bila kukatwa asingefika kwenye mjadala huu. Wa kwenu aliyekuwa anatembea na uvimbe, na wengi wetu huku, tunafika hospitali ugonjwa uko hatua ya tatu au ya nne, kisu kinalaumiwa kwa sababu ndo kitu cha mwisho watu walichokiona.

Mstafeli sasa. Maji ya majani yake yanaua seli za kansa kwenye kisahani cha maabara, ndiyo, ila kwenye kisahani hata sabuni inaua. Kwa binadamu hakuna majaribio yaliyoonyesha kwamba yanaponya kansa. Na kule Guadeloupe, visiwa vya Karibi, madaktari toka mwishoni mwa miaka ya tisini waligundua watu wengi wenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na Parkinson usiosikia dawa, na wakauhusisha na kutumia sana mstafeli, tunda na chai ya majani. Tunda moja moja sio neno, ila kunywa lita za majani kila siku miezi na miezi usimshauri mgonjwa.

Nirudi kwa MamaKitalu kwenye kinachoamsha. Kwa binadamu bado haijafungwa hesabu, kwa panya wameona vitu kadhaa. Cha kwanza ni moshi wa sigara na uvimbe wa mapafu. Mwaka 2018 kundi la Mikala Egeblad kule maabara ya Cold Spring Harbor, Marekani, walionyesha kwamba pafu likivimba, seli nyeupe fulani za kinga zinarusha nyavu zilizotengenezwa kwa DNA zao zenyewe kukamata vijidudu, na vimeng'enya vilivyoko kwenye nyavu hizo vinakata protini iliyozunguka seli ya kansa iliyolala, ile protini ikishakatwa inageuka kuwa ujumbe wa kuamka. Taarifa kutoka kwa jirani, kama alivyosema mzee. Mwaka 2025 wengine wakaonyesha mafua makali ya influenza na virusi vya korona vinaamsha seli za kansa ya titi kwenye mapafu ya panya, na kumbukumbu za wagonjwa wa kweli zikaonyesha dalili za kuelekea huko. Jingine ni mishipa midogo ya damu, ikiwa imetulia inazilaza seli zilizo pembeni yake, ikianza kuchipua matawi mapya inaziamsha.

Kwahiyo ndugu wakisema ni mtoto wake kamuudhi waambieni waache, ni uonevu. Hata daktari bingwa hawezi kunyoosha kidole kwa mgonjwa mmoja akasema kilichoamsha ni hiki.

Akinyi wa Shamba

Hamjambo nyote, mimi niko Siaya, Kenya, nimefuata huu uzi kwa sababu ya hicho kiduha, huku kwetu ni kayongo na imetusumbua tangu enzi za nyanya zetu. Unang'oa, mwaka ujao iko pale pale tena imeongezeka.

Kilichotusaidia wengine ni ile njia iliyotoka kwa watu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita, unapanda desmodiamu (mmea wa jamii ya kunde) katikati ya mistari ya mahindi na majani ya napia kuzunguka shamba. Mwanzoni ilikuwa ni ya kufukuza wadudu wa bua, ndio wakagundua kayongo nayo inapungua. Mizizi ya desmodiamu inatoa vitu vya aina mbili, kimoja kinaiamsha kayongo na kingine kinaizuia isishike mzizi wa mahindi, basi inaamka bure inakufa. Msimu baada ya msimu ile akiba ya chini inaisha. Pia wazee walikuwa wanabadilisha na pamba, nikaja kuelewa baadaye kwamba pamba inaiamsha na haiwezi kunyonywa nayo.

Sasa swali langu kwa mwalimu, kwa nini madaktari wasifanye hivyo kwa kansa? Waziamshe zote kwa mpigo halafu wapige kemo, ziishe.

Mwalimu wa Bailojia

Akinyi swali hilo limegawa watafiti mpaka leo. Na kabla sijajibu niseme hicho ulichosema cha pamba ndo kilichoanzisha sayansi yake, strigolaktoni ya kwanza ilipatikana mwaka 1966 kutoka kwenye mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hamuwezi. Na Wamarekani walipokigundua kiduha kwenye mahindi yao ya Carolina mwaka 1956 walikuja kutumia gesi ya etilini, wanaidunga ardhini inaamsha mbegu bila mahindi kuwepo, zinakufa. Wamepiga miaka na miaka, eneo lililobaki sasa ni dogo sana.

Kwa kansa njia ziko tatu. Kuamsha na kuua, hiyo ya kwako. Kuzilaza zisiamke mpaka mtu afe kwa uzee wake. Na kuziua zikiwa zimelala.

Ya kuamsha inatisha kwa sababu kiduha akiamka bila mahindi anakufa, hana akiba. Seli ya kansa ikiamka iko kwenye mwili tayari, mahindi yako kila upande. Ukiamsha elfu kumi ukaua zote isipokuwa kumi umemuua mgonjwa ambaye labda angeishi nazo salama miaka thelathini. Nani atasaini hiyo fomu? Mimi nisingesaini.

Ya kulaza ndo iliyopo tayari na watu wanaimeza bila kujua. Vidonge vya homoni, tamoksifeni na wenzake. Kansa ya titi inayotegemea homoni ya estrojeni ndo bingwa wa kulala, tofauti na ile isiyo na vipokezi vyovyote (sehemu za seli zinazopokea homoni na ujumbe mwingine) ambayo ikirudi mara nyingi inarudi ndani ya miaka mitano ya mwanzo na ukivuka hapo hatari inashuka sana. Ya homoni haina adabu hiyo. Mwaka 2017 walichapisha hesabu za wanawake karibu 63,000 waliomaliza vidonge vya miaka mitano wakiwa wasafi, wakakuta kurudi kunaendelea taratibu tu, mwaka wa sita, wa kumi, wa kumi na tano, mpaka wa ishirini, bila kupungua kasi. Kufikia mwaka wa ishirini hatari ya kurudi mbali na titi ilikuwa kati ya asilimia 10 na 41, inategemea uvimbe ulikuwa na ukubwa gani na tezi ngapi za kwapa ziliguswa siku ya kwanza. Mzee wa kiduha hapo nadhani hashangai. Na jaribio kubwa lililotoa majibu mwaka 2013 lilionyesha kwamba ukimeza tamoksifeni miaka kumi badala ya mitano, wanaorudiwa na wanaokufa wanapungua zaidi, ndo maana siku hizi wengi wanaongezewa muda. MamaKitalu usianze kujilaumu kwamba ma'mdogo aliishia mitano, kipindi anaanza yeye mitano ndo ilikuwa dozi ya kawaida.

Ya tatu ndo inayochipukia. Mnakumbuka nilisema seli iliyolala inameng'enya vitu vyake vya ndani ili iishi, basi ukizuia hilo inakosa riziki. Mwaka 2025 Marekani walitoa majibu ya jaribio dogo, wanawake 51 waliotibiwa kansa ya titi wakapona ila wakakutwa na seli kwenye uboho, wakapewa haidroksiklorokwini (inazuia huko kujimeng'enya) au everolimasi (inazuia ishara ya kukua) au zote mbili, na kwa wengi zile seli zikapungua au zikatoweka. Matumaini yapo ila ni watu 51, haitoshi kubadilisha tiba. Na tafadhali sana mtu asikimbilie duka la dawa kununua klorokwini, tulishaona vituko hivyo kipindi cha korona.

Mahali ambapo mfano wa mbegu unagoma nipataje. Mbegu imerithi kulala, mama yake kampangia, ana ratiba, na akiamka anafuata njia moja ya kuwa mti. Seli ya kansa haikupangiwa na mtu, imeokota zana zilizokuwepo mwilini. Mwaka 2021 watafiti wa Toronto walikuta seli za kansa ya utumbo mpana zikipigwa kemo zote zinaweza kuingia kwenye hali inayofanana na ile ambayo kijusi cha baadhi ya wanyama husimamisha kukua kikiwa tumboni mpaka msimu mzuri ufike. Zote, sio kundi fulani teule. Hapo ndo mimi nikaacha kufikiria seli inayolala kama mbegu maalum iliyojificha katikati ya nyingine, yoyote inaweza.

Nesi Zamda

Nimesoma uzi wote, nyie watu mna maarifa. Mimi nimefanya kazi wodi ya kansa, niongee ya kitandani maana MamaKitalu ana mgonjwa nyumbani.

Vidonge vya homoni ndo dawa watu wanazoacha kuliko zote. Sio kwa ubishi, vinasumbua, mwili unawaka moto usiku, viungo vinauma, wengine uke unakauka na ndoa inaingia mgogoro, na mtu anajiona mzima anajiuliza nameza nini. Mwingine dawa ikiisha anakaa miezi bila, hela hamna. Kama kuna mtu humu ana mama au dada anameza, msimfokee, mwambieni akaseme kliniki, zipo za aina tofauti na anaweza kubadilishiwa. Kuacha kimya kimya ndo kubaya.

Ikisharudi kwenye mfupa MamaKitalu, sikudanganyi, mara nyingi haiondoki moja kwa moja. Ila sio kwamba basi. Ile ya homoni ikienda mifupani tu watu wanaishi nayo miaka, wanabadilishiwa vidonge, wanapigwa mionzi pale panapouma, na kuna sindano ya kuimarisha mfupa usivunjike. Muulize daktari kama watachukua kipande cha huko ilikorudi wapime vipokezi upya, kwa sababu iliyoamka wakati mwingine sio ile ile iliyolala, inaweza kuwa imepoteza vipokezi na dawa ikabidi ibadilike.

MamaKitalu

Jamani asanteni, nimesoma mara mbili mbili na nimemsomea na mwanae, amelia maana walishamtwisha mzigo.

Nesi, walisema wiki ijayo anaanza dawa mpya, ila mgongo unamuuma sana usiku. Kuna kitu cha kuangalia hapa nyumbani au tusubiri tu hiyo wiki ijayo?

Nesi Zamda

Maumivu peke yake ombeni dawa nzuri ya maumivu, asivumilie, na asibebe ndoo wala asiiname kuokota vitu vizito. Cha kuangalia ni miguu. Akisema miguu imekosa nguvu, au inakufa ganzi, au ganzi iko sehemu za siri na makalio, au mkojo hautoki, au haja inamtoka bila kujua, msisubiri wiki ijayo wala asubuhi. Hiyo ni uvimbe unabana uti wa mgongo, mpelekeni hospitali kubwa usiku huo huo, na mkifika mapokezi semeni kabisa huyu ana kansa ya titi iliyoenda mgongoni na miguu imeanza kulegea, msiseme tu anaumwa mgongo maana mtapangwa foleni na wenye maumivu ya kawaida. Andikeni pia majina ya dawa zote alizowahi kupewa zamani, na kama lile faili lake la kwanza bado mnalo muende nalo.